Huzuni Peke Yake Haipigi Gitaa

Hotuba kwa vijana wanaojifunza gitaa, wazazi wao na wapenzi wa muziki. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma na magitaa magotini, habari za jioni?

Nimepewa muda mfupi, na najua wengi wenu mmekuja kusikia gitaa, hamkuja kumsikia mzee. Basi sitawachelewesha kwa shukrani ndefu. Waandaaji wanajua ninavyowashukuru.

Nataka tumzungumzie mtoto mmoja aliyeitwa Riley King. Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 kwenye shamba la pamba huko Berclair, karibu na mji mdogo wa Itta Bena, jimbo la Mississippi, Marekani. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la B.B. King, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues, ule muziki wa watu weusi wa Marekani. Yule B.B. King wa suti za kung'aa na tuzo nyingi mnaweza kumtazama kwenye simu zenu. Mimi namtaka Riley, mtoto wa shamba, kabla hajatokea mtu wa kulipa kiingilio kumwona.

Kwa nini yeye? Kwa sababu kuna hadithi moja imenichosha. Kila blues inapotajwa, hamkosi mtu wa kusema: ah, huo muziki wa huzuni, watu waliteseka, wakalia, kilio kikawa wimbo. Mwingine ataongeza ile ya mpiga gitaa aliyekwenda njia panda usiku wa manane, akamuuzia shetani roho yake, kulipokucha akawa fundi. Hadithi tamu, sikatai. Lakini hebu niwaulize: huzuni ingekuwa inatosha, nani humu ndani asingekuwa fundi wa gitaa? Nani hajafiwa? Nani hajadaiwa kodi ya nyumba? Na mbona tukishika gitaa halisemi?

Huzuni peke yake haipigi gitaa. Gitaa hupigwa na vidole, vidole hufundishwa na sikio, na sikio lazima lipate mahali pa kusikia. Ndiyo maana nataka nikupitisheni pale ambapo Riley alisikia.

Huzuni kwake ilikuwepo, tena ya kutosha. Wazazi wake, Albert na Nora Ella, waliachana akiwa mdogo sana. Mama akamchukua wakaenda upande wa vilima, karibu na Kilmichael, walikokuwa ndugu zake. Riley alipokuwa na umri wa miaka kama tisa, mama akafariki. Akabaki na bibi yake, Elnora Farr. Mwaka 1940 bibi naye akafariki. Mtoto wa miaka kumi na minne, ana kibanda, ana ng'ombe wa kukamua asubuhi, ana deni. Baba alikuja kumchukua akampeleka mji wa Lexington, kwa mke mwingine na watoto wengine. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alipokuwa Lexington aliona mbele ya mahakama mwili wa kijana mweusi aliyeuawa na wazungu, umetundikwa watu wautazame. Hakukaa sana kule. Alipanda baiskeli akarudi Kilmichael, peke yake, njia ndefu ya vilima.

Na maisha ya shamba yalikuwaje? Mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu, nyumbu wa kulimia na unga wa kukopa. Familia inatoa mikono. Pamba ikivunwa wanagawana, ila daftari la hesabu analo mwenye shamba. Mwisho wa mwaka mkulima anaambiwa nini? Anaambiwa bado anadaiwa. Riley alitembea nyuma ya nyumbu tangu utotoni, na baadaye alipopiga hesabu ya maili zake zote alisema ameshaizunguka dunia kwa miguu.

Hayo tumeyasikia, na yanauma. Lakini watoto wangapi wa Mississippi walipita hapo hapo? Maelfu kwa maelfu. Hawakuwa B.B. King. Kwa hiyo swali letu bado lipo.

Twende kanisani.

Mama yake alikuwa akimpeleka kwenye kanisa la Kipentekoste lililokuwa na mchungaji anayeitwa Archie Fair. Kanisa la kilokole, watu wanapiga makofi, wanaruka, wanashukiwa na Roho. Na mchungaji huyu alikuwa na kitu ambacho wachungaji wengi wa pale hawakuwa nacho madhabahuni: gitaa la umeme. Mtoto aliposikia lile gitaa likiitikia mahubiri, alimaliza mambo yote. Akasema akikua atakuwa mchungaji. Na huyu Riley, mkumbuke, alikuwa na kigugumizi. Kuongea kulimtesa, kuimba kukamfungulia.

Sasa sikilizeni. Mchungaji Fair alikuwa shemeji wa mjomba wake Riley. Dada yake mchungaji aliolewa na huyo mjomba. Jumapili baada ya ibada anakuja kula kwa dada yake. Anaingia, analilaza gitaa kitandani, anakwenda mezani na wakubwa. Watoto kule hawali na wakubwa, wanasubiri. Riley anasubiri nini? Anasubiri sahani zianze kulia. Zikilia, anatambaa mpaka kitandani na kuligusa lile gitaa. Uzi mmoja. Halafu mwingine. Siku moja akakamatwa.

Mnajua sisi wazee wa hapa tungefanya nini. Kofi, na "nani amekutuma?" Mchungaji Fair hakupiga kofi. Alimkalisha mtoto, akamwekea gitaa mapajani, akamwonyesha mikao mitatu ya vidole, ile ya kupiga nyuzi kadhaa kwa pamoja: C, F na G. Mitatu tu! Riley alipokuwa mzee, amekwisha piga mbele ya wafalme na marais, alikuwa bado anasema ile mikao ya mchungaji anaitumia. Vijana, ninyi mna video za kufundishia elfu moja kwenye simu, na kesho mnatafuta ya elfu na moja. Mikao mitatu!

Na kuna jambo jingine alilolipata kanisani ambalo halionekani kwa macho. Mhubiri anatoa neno, waumini wanajibu. Anatoa tena, wanajibu tena. Sikilizeni rekodi yoyote ya B.B. King, tafadhali, usiku wa leo. Anapoimba, gitaa limenyamaza. Akifunga mdomo, gitaa linafungua wake. Havipandani kamwe. Mwenyewe alieleza kwamba akiacha kuimba kwa mdomo anaendelea kuimba kwa gitaa. Huyo ni mhubiri na waumini wake ndani ya mtu mmoja.

Mahali pa pili ni sebuleni kwa bibi mdogo mmoja, shangazi ya mama yake, aliyeitwa Mima. Huyu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na santuri alizozikusanya kwa mapenzi. Ila alikuwa na ugoro. Ugoro mdomoni kutwa, na kila mtoto akifika lazima abusiwe kwanza. Riley alichukia yale mabusu! Lakini alijua bei ya kiingilio. Anasimama, anafumba macho, anabusiwa, halafu anaruhusiwa kuweka santuri.

Na huko alisikia nini? Alimsikia Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas, anayecharaza maneno mafupi ya gitaa katikati ya mistari. Alimsikia Lonnie Johnson, anayepiga uzi mmoja mmoja kwa ulaini kama mtu anayezungumza. Hawa wawili alisema hadi mwisho kwamba ndio waliomwingia zaidi. Utotoni hakuwaona wakipiga. Aliwajua kwa sindano ya gramafoni ya bibi Mima. Baadaye, akiwa kijana, rafiki yake aliyetoka jeshini alimletea kutoka Ufaransa santuri za Django Reinhardt, yule fundi aliyepiga kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua. Riley akamweka humo humo. Mtoto wa pamba, anajifunza kwa Mfaransa wa kambi za Waroma! Sasa huyo anayesema blues imetoka kwenye machozi peke yake, atuambie Django ameingilia wapi.

Gitaa lenyewe alilipataje? Kwanza alikuwa na waya wa ufagio, umepigiliwa misumari ukutani, unavutwa na kudundwa. Watoto wengi wa Mississippi walianza hivyo. Halafu akaona gitaa jekundu, Stella, linauzwa dola 15. Mshahara wake kwa mwezi ni dola 15 hizo hizo. Mzungu aliyemfanyia kazi, Flake Cartledge, akalilipia, kisha akamkata nusu mwezi huu na nusu mwezi uliofuata. Akaagiza na kitabu cha kujifunzia kwa posta. Mtoto hana mama, ana gitaa la mkopo na kitabu. Kila jioni akitoka kukamua, anakaa nalo.

Wazazi mlioko hapa, msinitazame hivyo. Sijasema mkope.

Naharakisha kidogo. Mwaka 1943 Riley alihamia Indianola, tambarare ya pamba hasa, kwenye shamba la mtu aliyeitwa Johnson Barrett. Huko akawa dereva wa trekta. Dereva wa trekta si mtu mdogo shambani, jamani! Dola 22 na nusu kwa wiki, na wasichana wanakusalimia. Akajiunga na kikundi cha nyimbo za injili, St. John, wakaimba makanisani na hata redioni mji wa Greenwood. Alitaka kikundi kiondoke kikatafute maisha mijini. Wenzake kila mwaka wanasema mwakani, mwakani. Mavuno yakiwa mabaya, hakuna nauli. Nadhani humu ukumbini kuna wenye bendi wanaoijua "mwakani" hiyo.

Basi Jumamosi Riley anachukua gitaa, anakwenda kukaa kwenye kona ya mtaa mjini. Hapa ndipo naomba mnisikilize zaidi kuliko kote, maana hiki ndicho chuo kikuu chake.

Anapita mtu, anasema: kijana, nipigie wimbo wa Bwana. Riley anapiga. Yule mtu anafumba macho, anatikisa kichwa, wimbo ukiisha anampigapiga begani: "Mwanangu, endelea hivyo hivyo, siku moja utakuwa mtu." Anakwenda zake. Anapita mwingine: nipigie blues. Riley anapiga. Huyu anacheka, anatia mkono mfukoni, anamtuza. Senti kumi, pengine na bia juu yake. Jioni Riley anahesabu sarafu zake na kukuta amepata kwa siku moja fedha nyingi kuliko alizopata kwenye trekta. Hadithi hii aliisimulia maisha yake yote, na kila mara alimalizia kwa kusema sasa mnajua kwa nini mimi ni mwimbaji wa blues.

Watu hucheka, nanyi mmecheka. Lakini tazameni kilichotokea pale. Kona ya mtaa ilimfundisha kusoma uso wa mtu. Nani anataka nini, lini wimbo urefushwe, lini ukatwe, noti gani ya gitaa inamfanya mpita njia asimame. Na alichokipata kanisani hakukitupa. Aliyekuwa akiimbiwa ni Mungu, sasa anaimbiwa mwanamke aliyeondoka, ila koo ni lile lile na kujibizana ni kule kule. Walokole wa Indianola hawakufurahi, bila shaka. Ni ugomvi ambao hata sisi tunao, mtoto wa kwaya akionekana jukwaani kwenye dansi, siku ya pili anaitwa na wazee wa kanisa.

Usiku Riley akikosa fedha alikwenda kwenye ukumbi wa Johnny Jones, mtaa wa Church pale pale Indianola, akachungulia kwenye mianya ya ukuta kuona bendi kubwa na wacheza dansi. Vijana, mnajua kuchungulia. Sitaeleza.

Mwaka 1946 yakamkuta. Jioni, kazi imekwisha, anaegesha trekta bandani, anazima, anaruka chini mbio mbio. Injini ikadunda tena mara moja mbili kama zinavyofanya zile trekta za zamani, trekta likasogea mbele, bomba la moshi likagonga paa la banda likavunjika. Hasara kubwa. Riley akaangalia bomba, akaangalia njia. Akamwacha mkewe Martha, akachukua gitaa na dola mbili na nusu mfukoni, akakimbilia mji wa Memphis.

Memphis alimtafuta binamu ya mama yake, Bukka White. Huyu alikuwa bingwa hasa, ameshapita jela ya Parchman, ameshatoa santuri. Akamkaribisha kijana, akamtafutia kazi kiwandani, akamwachia akae karibu anapopiga. Bukka alipiga kwa kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, kama wafanyavyo wengi wa Mississippi kwa shingo ya chupa au kipande cha bomba. Gitaa linalia kama mtu. Riley akataka ile sauti. Akajaribu. Ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Alisema vidole vyake ni vijinga.

Lakini sikio lilikuwa limeshakamata. Akaweka chuma chini, akabonyeza uzi kwa kidole kitupu na kukitetemesha kiganja kizima, haraka, kama mtu anayetikisa nzi. Uzi ukalia. Akaubonyeza na kuusukuma upande, sauti ikapanda yenyewe. Mtetemo ule wa mkono wa kushoto ndio saini ya B.B. King. Unasikia noti moja redioni, unasema ni yeye. Wapigaji wa nusu ya dunia, weusi kwa weupe, wameukopa. Na ulitoka wapi? Kwenye kutafuta sauti ya Bukka White na kuikosa.

Bukka alimpa na wosia mmoja wa mavazi ambao naupenda mno. Alimwambia mwimbaji wa blues atadharauliwa kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo avae kama mtu anayekwenda benki kuomba mkopo. Tazameni picha zake zote. Suti imenyooka. Sisemi kitu kuhusu suruali ninazoziona kule nyuma.

Baada ya miezi kadhaa Riley alifanya jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Alirudi Indianola. Alikwenda kwa Johnson Barrett, akasimama mbele yake, akaomba radhi, akapanda tena trekta, akafanya kazi mpaka deni la lile bomba likaisha. Mwishoni mwa 1948 ndipo akaenda Memphis kwa mara ya pili, safari hii hakimbii mtu.

Yaliyofuata nayataja tu. Alikwenda kwa Sonny Boy Williamson aliyekuwa na kipindi cha redio West Memphis, akaomba kuimba wimbo mmoja. Akaruhusiwa. Akapata kazi ya baa ya dola 12 na nusu kwa usiku, ila mwenye baa alitaka mtu anayejitangaza redioni. Kijana akatembea kwenye mvua mpaka kituo cha WDIA, gitaa begani, akatoka na dakika kumi za hewani za kuimba tangazo la dawa ya nguvu iliyoitwa Pepticon. Pale ndipo alipoitwa Beale Street Blues Boy, yaani kijana wa blues wa mtaa wa Beale, jina likakatwa likakatwa likabaki B.B. Ile habari ya moto wa ukumbi wa Twist, Arkansas, mwaka 1949, na gitaa lililopewa jina Lucille, naiacha kwa makusudi. Kila mtu anaisimulia.

Nimalizie kwa kuvuka bahari kuja huku kwetu. Septemba 1974, B.B. King alipanda jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, muziki ukapigwa bila kungoja. Jukwaa hilo hilo walipanda James Brown, Miriam Makeba, Tabu Ley, na Franco na TPOK Jazz yake.

Huyo Franco, alianzia wapi? Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mama yake akawa anauza maandazi sokoni, na kijana akajitengenezea gitaa la kuungaunga, akakaa kando ya meza ya mama kupiga ili wateja wasimame. Kona ya Indianola na soko la Kinshasa, mbali kama mbingu na ardhi, wavulana wawili wanajifunza somo moja kutoka kwa mwalimu yule yule: mpita njia mwenye sarafu mfukoni na haraka zake. Sijui kama waliongea usiku ule. Magitaa yao yote mawili yalijua kumjibu mwimbaji.

Naona kijana wa mitambo ananionyesha saa. Haya, nashuka. Wanaofuata ni hawa wa kule nyuma, wameandaa nyimbo tatu, na wa kwanza ameniambia kidole chake kidogo kinatetemeka tangu asubuhi. Wazazi na wageni, mkifurahi msiwapigepige mabega tu. Pale mbele kuna kikapu. Watuzeni.

Asanteni sana.